Wewe wa gari la kunyonya vyoo, unamwaga ziwani halafu dagaa ZANGU ndizo zinanuka?!

MamaKichanja: Wadau wa Kigoma, salamu baadaye, mikono bado inanitetemeka.

Yule wa gari la kunyonya vyoo mnamjua, sina haja ya kumtaja. Leo asubuhi, mitumbwi imetoka kuvua usiku, mwalo wa Kibirizi umejaa watu, tunashusha mzigo. Kaja na gari lake, karudi kinyumenyume hadi kwenye mtaro unaoshuka Ziwa Tanganyika. Kavuta mpira, kafungua koki. Jua limeshatoka, watoto wa shule wanapita! Kwa harufu ile, kunguru wote walivuka maji wakaenda kutua Kalemie, Kongo.

Nikamfuata kwa adabu. Nikamwambia kaka, hapo chini watu wanasuuza dagaa. Akanikagua kuanzia kilemba mpaka ndala, akasema: "Mama, dagaa zako zinanuka kuliko mzigo wangu."

Zinanuka. Kinyesi cha mtaa mzima kinanipita miguuni, na zinazonuka ni dagaa zangu!

Eti ziwa kubwa, litameza. Limeze lipeleke wapi? Kina kinafika mita 1,470, sawa, lakini kule chini hakuna hewa, samaki hakai. Dagaa, mgebuka, kuhe, wote wanaishi tabaka la juu. Na maji ya bomba ya mji huu yanavutwa humu humu. Chai anayokunywa kwake ameipika na nini?

Mwaka 2024 tulifungiwa ziwa, 15 Mei hadi 15 Agosti, sisi na wenzetu wa Burundi, Kongo na Zambia, ili samaki wazaliane. Vichanja vikakaa vitupu, watoto wakala ugali kwa chumvi, tukavumilia. Kumbe tulikuwa tunamtunzia yeye pa kumwagia. Na mbele ya wavuvi wote ananiambia zinanuka. MIMI!

Karabai: Picha iko wapi? Uzi kama huu bila picha ni hadithi.

MamaKichanja: Picha ya nini, njoo mtaroni uvute pumzi moja.

MwanaGungu: Huyo ndiye mwenyewe, wala usijisumbue kumtaja. Huku kwetu anamwaga mvua ikianza kunyesha ili ionekane ni mafuriko. Na anapiga honi kama kabeba bwana harusi.

FundiNyavu: Pole mama. Ila tuseme ukweli, dagaa zinanuka.

MamaKichanja: Wewe FundiNyavu! Ukija kukopa mwisho wa mwezi huwa hazinuki?

Karabai: 😂😂 Fundi kapatikana.

MtuWaTabora: Kunuka si hoja, zikiungwa na mawese nani atakumbuka. Sisi huku zinatufikia na mchanga. Juzi nimetafuna kokoto jino likalia. Acheni kuanika chini jamani.

MamaKichanja: Mimi naanika kichanjani, jina langu umelisoma. Turudi kwa huyu mtu. Mama wa umri wangu anaambiwa ananuka, nanyi mnaongelea mchanga?

FundiNyavu: Mchanga unaoshwa. Balaa ni hawa wanaokokota vyandarua vya mbu pembezoni. Wanazoa vitoto vya samaki hata jina havijapata. Uzi wao uko wapi?

MwanaGungu: Usiguse hapo, nusu ya waliomo humu wanavyo nyumbani.

MtuWaTabora: Na visado vya kupimia dagaa pale stesheni je? Vimegongwa kitako mpaka vimebaki mabakuli. Unalipia kisado, unaondoka na kiganja.

Karabai: Hilo umesema kweli. Mimi wamenipiga pale pale, treni imeshaanza kuondoka, utarudi umdai nani?

MamaKichanja: Jamani, mtaroni bado kunatiririka!

FundiNyavu: Kwani kisado cha dagaa kavu Tabora kimefika bei gani?

MtuWaTabora: Kilichogongwa au kizima?