Kukereza kalamu za mbao: mashine ndogo, ya kuundiwa na fundi, au kukodi muda?

Mtu_wa_Uyole
Wakuu, poleni na baridi. Nataka kuanza kukereza kalamu za mbao, jioni nikitoka kazini, ya kujiburudisha tu. Nikipata ya kumpa mtu zawadi, sawa. Nimechuja hadi nikabaki na njia tatu.

1. Mashine ndogo ya mezani, mpya ya Kichina kupitia Dar au iliyotumika kutoka nje.
2. Fundi wa kuchomelea aniundie: mota ya mashine ya kufulia, vyuma, beringi mbili.
3. Kukodi muda kwa mafundi wanaokereza miguu ya vitanda.

Ya tatu ndiyo rahisi, ila jirani yangu anasema ni kutupa hela. Mnasemaje?

Kihesa_Juu
Kamwene mkuu. Ukiangukia ya kwanza, cha kuuliza mwanzo ni umeme. Mashine iliyotoka Marekani ni ya volti 110 na hezi 60. Huku tuna 230 na 50. Transfoma itakushushia volti, hezi itabaki palepale, na mota nyingi za kawaida zitazunguka pungufu ya kasi iliyoandikwa, tena zinachemka. Za kutoka Uingereza hazina shida hiyo.

La pili, chungulia tundu la koni kwenye spindo, ule mhimili unaozungusha mbao. Kuna koni ya Morse namba 1 na namba 2. Ile fimbo inayoshika vipande vya kalamu inakaa humo, na ukiagiza namba isiyo yake haikai. Muuzaji akikujibu "zote zinaingia", huyo hajui anachouza.

Urefu wa mashine usikusumbue. Kipande cha kalamu nyembamba ni mbao ya milimita 19 kwa 19 hivi, hata sentimita 6 haifiki. Unatoboa tundu la milimita 7, unagandisha ndani mrija wa shaba wa kupokea vyuma vya kalamu, basi.

Volti_Mbili
Niseme kuhusu namba 2, maana watu wanaidharau bure. Mashine ya kuundwa inafanya kazi, ila mota ya mashine ya kufulia iache. Nyingi za zile zenye brashi zinahitaji kidhibiti kasi. Ukiiunganisha moja kwa moja bila mzigo, inakimbia mpaka inajiharibu, na kilichofungwa mbele kinaweza kuruka usoni.

Tafuta mota ya kawaida ya mizunguko 1,440 kwa dakika, weka puli kubwa kwenye mota na ndogo ya nusu yake kwenye spindo. Unapata kama 2,880, ndiyo kasi nzuri ya kalamu. Kigumu ni kunyoosha. Ncha ya mbele na ncha ya nyuma zikisogezwa zikutane, zigusane uso kwa uso. Zikipishana hata upana wa uzi, kalamu inatoka nene upande mmoja, na hakuna msasa wa kuficha.

Randa_na_Patasi
Mimi ndiye huyo wa miguu ya vitanda, niko Makambako. Jirani yako kasema nusu ya ukweli, kaka. Mashine yangu inazunguka taratibu kwa sababu mti mnene hautaki kasi. Kalamu inataka 2,000 hadi 3,000, kwa hiyo kalamu ya maana hutaitoa kwangu.

Lakini patasi utajifunzia wapi? Mtu anaweza kuwa na mashine ya kung'aa akawa anakwangua mbao badala ya kuikata. Patasi kali inatoa utepe mrefu laini. Butu inatoa vumbi, na mbao inabaki na manyoya. Kunoa ndiyo kazi yenyewe. Kaa na fundi, haribu misindano yake, uujue mkono wako. Ndipo ununue.

Ndaga_Rungwe
Na mbao je? Huku kwetu parachichi likikatwa watu wanachoma kuni. Kahawa vilevile.

Randa_na_Patasi
Dada, kahawa usichome! Mti wake mgumu, nyuzi zake zimebana, unang'aa vizuri. Shida ni kupasuka ukikauka haraka. Ukikata tu, paka ncha zote mbili nta ya mshumaa, weka kivulini, sahau. Mashina ya kahawa iliyong'olewa Mbozi ni mali. Parachichi ni jepesi, la kujifunzia linafaa.

Msindano wa Sao Hill ni laini mno kwa kalamu, nyuzi zinalala badala ya kukatika. Mninga ndio mtamu kuliko yote, huo mwenzenu naukereza hata bila kulipwa.

Kihesa_Juu
Mpingo nao umesahaulika. Unazama majini kwa uzito, na kalamu yake ikishapigwa msasa haihitaji vanishi. Ila una mafuta, gundi inaachia. Futa ndani ya tundu kwa asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha, kabla ya kugandisha mrija. Toboa polepole, chomoa biti mara kwa mara, joto linaupasua. Na vumbi lake linawasha ngozi na kifua, barakoa siyo pambo. Ukitaka kuwatumia watu wa nje kwa wingi, uliza kwanza: mpingo uko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 2017.

Mtu_wa_Uyole
Ndaga fijo wote. Swali moja: wino ukiisha? Seti za vyuma za kalamu nyembamba naona zinatumia wino wa Cross, na hapa mjini sijauona dukani.

Volti_Mbili
Agiza seti inayopokea wino wa Parker, huo hata Mbeya unaweza kuupata. Au acha seti kabisa kwa kuanzia: toboa mbao, chomeka mrija wa Bic. Upime mrija kwanza ndipo uchague biti. Haitakuwa na klipu wala kitufe, ila itaandika, na ukiharibu umepoteza kipande cha kuni.

Mtu_wa_Uyole
Hilo la Bic limenikata kiu. Basi naanza na namba 3, mashine baadaye, na itakuwa ya volti 230. Fundi wa Makambako, unapokea mwanafunzi?

Randa_na_Patasi
Njoo Jumamosi asubuhi, mchana natoka na mzigo. Patasi zipo. Miwani ya kukinga macho njoo nayo, na shati la mikono mirefu usivae.