Mwani wa kotonii umetushinda Jambiani, nyie wa Pemba mnafanyaje?

Bi Jambiani
Assalaam alaykum wenzangu. Nalima mwani hapa Jambiani, Unguja, kazi niliyoikuta kwa mama. Yeye ni wa wale wa mwanzo, mwaka 1989, mbegu za kutoka Ufilipino zilipopandwa hapa na kule Paje. Nauliza: kuna anayepanda kotonii, ule mwani wa bei nzuri, siku hizi ikamkubali?

Kaskazi iliyopita, msimu wa joto, nilitia kamba chache. Kabla ya bamvua la pili, yale maji ya kujaa na kukauka sana, vitawi vimeshakuwa vyeupe, ukivishika vinakatika, taitai, vile vikamba vya kufungia vitawi, zinaning'inia tupu. Spinosamu, ile aina ya pili ya mwani, ya kamba za pembeni ilisimama, japo imedumaa. Bamvua la kaskazi maji yanakauka saa nne, saa tano, jua kali, na yale yanayobaki kwenye vidimbwi ukitia mguu unautoa. Mama anasema zamani hayakuwa hivyo, nami namwamini, pwani hii kaijua kabla sisi hatujazaliwa.

Spinosamu bei yake ndogo, mnajua. Kotonii ndiyo iliyomjengea mama nyumba ya matofali na kututia sisi skuli. Wasichana wanaomaliza sasa wanakwenda hotelini, siwalaumu. Na njia yetu ya kushukia pwani imezibwa ukuta, gunia la mwani mbichi unazunguka nalo kichwani mpaka uchochoro wa pili. Kaiti nazo, zile za watalii wanaoteleza majini, zikishuka hukata kamba.

Tunaambiwa tuhamie maji ya kina. Sawa, lakini wengi wetu hatujui kuogelea, na chombo hatuna.

Wa Micheweni
Wa alaykum salaam dada. Pemba mwani ni mwingi kuliko huko Unguja, ila mwingi wake ni spinosamu pia, usidhani sisi tumesalimika. Kotonii inachoka maji yakipita nyuzi 30 hivi. Wanaoipata ni wenye mahali pa mkondo, pasipokauka. Hawachomeki vijiti chini vya kufungia kamba. Kamba inaelea, nanga huku na huku, katikati chupa tupu za maji za kuishikilia. Panda msimu wa kusi, maji yakiwa baridi. Kaskazi ikikaribia vuna yote, ubakishe mbegu tu, uzisogeze palipo na kina. Na funga vitawi vidogo, kikubwa kinavunjwa na mawimbi.

Mama Sabuni, Paje
Shoga, kwa nini ujitese na kotonii? Mimi nasaga hiyo hiyo spinosamu, natia mafuta ya nazi na karafuu, natoa sabuni. Bei ya kilo sina habari nayo tena.

Bi Jambiani
Sabuni yako nzuri, shoga, nami naoga nayo. Lakini tukiingia sote kwenye sabuni tutamuuzia nani? Watalii ni wale wale. Yupo mama wa makamo ana watoto, hana mtaji wa mafuta wala mahali pa kukaushia sabuni. Mwani anauvuna, anauanika, anaupeleka kwa mnunuzi, jioni ana pesa yake mwenyewe bila kumuomba mtu. Hiyo sitaki ipotee.

Mvuvi Makunduchi
Dada zangu, kabla ya kutia nanga muoneni sheha na kamati ya wavuvi. Mkondoni humo tunatega madema, na usiku kamba inayoelea haionekani, inajisokota kwenye mashine za vyombo. Mkikubaliana mahali, chombo si tatizo. Sisi tunaovua usiku, mchana ngalawa ziko pwani tu. Kukodi kwa asubuhi moja mtaelewana, na mwenye chombo awe ndiye anayeingia majini.

Bi Jambiani
Ahsante kaka, hili la kamati hakuna aliyetuambia. Wiki hii naenda kwa sheha na wenzangu, na hilo la ukuta nitalisema hapo hapo. Dada wa Micheweni, nanga zenu mawe au nini? Huku kwetu chini ni mchanga mtupu, kusi ikivuma jiwe linaburutwa.

Wa Micheweni
Magunia ya mchanga, mawili mawili kila upande. Kamba ya nanga iache ndefu, maji yakijaa isikazwe ikang'oka.