Naomba ushauri: ninunue gari la kujiundia lililoachwa nusu, au nianze upya na MX-5 yangu?

Mkwakwani wa Coventry ameandika:

Wakuu, habari za wakati huu. Ninaishi Coventry, Uingereza, huu ni mwaka wa kumi na moja, na kwa miaka mitatu nimekuwa nikiweka akiba ili nijiundie gari nyumbani. Ninalolitaka ni la umbo la Lotus Seven: gari dogo la watu wawili, wazi juu, injini mbele na nguvu zikienda magurudumu ya nyuma. Kwa wasiolifahamu, lilianza kuuzwa mwaka 1957, na wengi walilinunua likiwa vipande, kwa sababu kodi ya manunuzi ya wakati ule ilitozwa kwa gari lililokamilika, na aliyenunua vipande akafunga mwenyewe aliiepuka. Mwaka 1973 kodi hiyo ilifutwa ikaja kodi ya ongezeko la thamani, na mwaka huohuo kampuni ya Caterham ilichukua haki za kulitengeneza. Kufikia hapo watu walikwisha kuzoea kujiundia, na hadi leo magari ya namna hii yanazaliwa katika gereji za nyumbani.

Gereji yangu ina urefu wa mita 5 na upana wa mita 2.5. Mimi si fundi wa kusomea, ila marehemu baba alikuwa na gereji ya malori Tanga, na nilikua nikimpokeza spana kwa namba, kwa hiyo kushusha injini hakunitishi. Mwezi uliopita nilinunua Mazda MX-5 ya mwaka 1991, injini ya 1.6, kwa pauni 700. Kutu imekula bodi chini ya milango, gari likashindwa ukaguzi wa mwaka, lakini injini, giaboksi na difu zote zinafanya kazi. Nilikusudia kuagiza fremu mpya na bodi ya fiberglasi, kisha nihamishie mitambo hiyo humo.

Sasa amejitokeza mzee mmoja, mwendo wa saa moja kutoka hapa, anayeuza gari aliloliacha nusu. Fremu aliichomelea mwenyewe kwa bomba za mraba za inchi moja, shokapu zimefungwa, limesimama juu ya magurudumu yake, na vipande vya bodi vimo ndani ya maboksi. Anataka pauni 1,800, ambazo hazifikii nusu ya gharama ya fremu mpya na vifaa vyake, na anasema aliipima fremu ipokee mitambo ya MX-5. Moyo unanivuta kwake, lakini sijui niangalie nini nikifika. Jambo la pili linaloninyima raha ni waya, kwa sababu upande huo baba hakunifundisha. Naombeni mwongozo wa waliopita njia hii.

BintiSpana, Leicester:

Kaka, hongera kwa kuanza. Mimi nililiunda la kwangu kwa miaka minne kasoro, nikitumia MX-5 vilevile, na nitakueleza yale ambayo ningependa niambiwe mapema.

Ukienda kwa huyo mzee, usiangalie rangi wala magurudumu. Chukua tepu ya chuma, tochi na chaki. Pima mshazari kutoka kona ya mbele kushoto hadi kona ya nyuma kulia, kisha upande wa pili, sakafuni na pia juu kwenye chumba cha injini. Tofauti ya milimita mbili au tatu inavumilika; ikizidi hapo jua kwamba bomba zilijivuta wakati wa kuchomelea kwa sababu hazikufungwa sawasawa juu ya meza. Kisha piga magoti uitazame michomeleo mmoja mmoja, hasa pale mikono ya magurudumu inaposhikiliwa. Bomba hizo kwa kawaida zina unene wa milimita 1.6 tu, na mchomeleo uliosagwa kwa grainda hadi ukalingana na bomba umepunguzwa nguvu, halafu unakuficha kama chuma kiliyeyuka hadi ndani au kilipakwa juu tu. Fundi anayejiamini huacha mchomeleo wake uonekane. Mimi binafsi singempakia mtoto katika fremu ambayo michomeleo yake imesagwa yote, hata ningepewa bure.

Kuhusu MX-5 yako, mwaka 1991 umenishtua kidogo. Injini za 1.6 za mwanzo zina pua fupi ya krenkishafti (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni), na bolti ya puli ikilegea, kile kipande kidogo cha chuma kinachoishikilia hula nafasi yake taratibu mpaka injini inapoteza mpangilio wake wa kuwaka. Itazame puli ya mbele: ikiwa na mianya minne ni pua fupi, ikiwa na minane ni ndefu. Iwashe injini utazame kama puli inayumba. Kama haiyumbi, itumie kwa amani, na siku ukiifungua weka bolti mpya na uikaze kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, si kwa kukisia.

Mengine utakutana nayo kwenye IVA, ukaguzi wa serikali wa gari kabla ya kusajiliwa, ambao tangu mwaka 2009 ndio unaopimia magari ya watu binafsi kama haya. Mimi nilianguka mara ya kwanza kwa mambo mawili. Usukani haukurudi wenyewe katikati baada ya kona, nikalazimika kuongeza pembe ya kasta, yaani mlalo wa kuelekea nyuma wa mhimili ambao gurudumu la mbele hugeukia. Na kibano cha kioo cha pembeni kilikuwa na ukingo mkali. Ukingo wowote wa nje unaoweza kumgusa mtu unatakiwa uwe na mviringo usiopungua milimita 2.5, kwa hiyo kila bolti inayochungulia nje ivishe kofia ya plastiki kabla ya kwenda. Breki nazo wanazitazama kwa makini mno: magurudumu ya nyuma hayaruhusiwi kushika kabla ya yale ya mbele, na gari lako litakuwa jepesi kwa mamia ya kilo kuliko MX-5 iliyokamilika, hivyo usidhani mgawanyo wa breki wa Mazda utakufaa bila marekebisho.

Mtoto wa Ilala:

Samahani kwa kuingilia. Je, mkuu unafikiria kulileta nyumbani baadaye? Ningependa kuliona Dar es Salaam.

Mkwakwani wa Coventry:

Hapana, ndugu yangu. Linakaa chini mno kwa matuta ya barabara zetu, na hapa ndipo ukaguzi wake ulipo. Nitaweka picha.

Msafiri wa Milton Keynes:

Ndugu, dada amemaliza upande wa chuma, mimi niongeze upande wa karatasi, kwa sababu huko ndiko nilikoumia. Nilinunua gari la nusu kama hilo, fremu yake ilikuwa safi kabisa, lakini muuzaji hakunipa picha za ujenzi wala risiti. DVLA, mamlaka ya usajili wa magari hapa Uingereza, wanataka wajue kila mtambo mkubwa umetoka wapi. Ukitumia angalau mitambo miwili mikubwa ya gari moja linalojulikana, nawe ukawa na hati yake ya usajili, V5C, unaweza kupewa namba inayolingana na umri wa gari hilo. Ukishindwa kuthibitisha, unapewa namba inayoanza na herufi Q, na hiyo ndiyo niliyonayo. Gari linatembea vizuri, ila siku ya kuuza kila mnunuzi huanza kwa kuniuliza Q ile maana yake nini, na bima nayo ilinisumbua.

Kwa hiyo muulize mzee huyo, kabla hujatoa hata pauni moja, kama ana picha za hatua za ujenzi na risiti za bomba na shokapu. Na ile MX-5 yako usiitupe hovyo: piga picha namba ya fremu ingali mahali pake, namba ya injini, na kila hatua ya kuifungua. Picha hizo zitakusemea siku ya usajili.

Fundi wa Makupa:

Mwanangu, salamu kutoka Mombasa. Mimi ni fundi wa umeme wa magari tangu mwaka 1988. MX-5 hazipiti kwangu kwa wingi, lakini woga wako wa waya naujua, kwa maana wanafunzi wangu wote huja nao.

Usinunue waya mpya wala usikate chochote. Kabla ya kuchomoa hata soketi moja, chukua tepu nyeupe na kalamu isiyofutika, uandike kila soketi inaenda wapi, pande zote mbili: "taa ya mbele kushoto" juu ya soketi, na vivyo hivyo juu ya taa yenyewe. Toa furushi lote la waya likiwa zima, ulitandaze sakafuni kwa umbo lilelile lililokuwa nalo ndani ya gari, kisha liunganishe na batri, injini na swichi hapohapo chini. Injini ikiwaka hivyo, una msingi. Baada ya hapo ondoa usivyovihitaji, redio, madirisha ya umeme, kipoza hewa, kimoja baada ya kingine, na kila ukitoa kimoja uiwashe tena. Ukitoa vitano kwa pamoja na injini ikagoma, utatafuta kosa wiki nzima.

Kuna jambo moja linalowanasa wengi. Gari la kiwandani bodi yake ni chuma, kwa hiyo taa hupata athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye batri, popote inapofungwa. Bodi yako itakuwa fiberglasi, nayo haipitishi umeme. Kila taa, indiketa na honi iliyofungwa juu yake itahitaji waya wake wa athi unaorudi kwenye fremu, na pale unapougusisha kwenye fremu ukwangue rangi hadi chuma king'ae, ufunge, ndipo upake grisi. Ukiona indiketa ya kushoto inafanya taa ya breki ififie na kuwaka, usibadilishe taa. Hiyo ni athi inayotafuta njia ya kurudia.

Mkwakwani wa Coventry:

Shikamoo mzee wangu wa Makupa, na ahsanteni nyote. Nimerudi jana kutoka kwa yule mzee, nami naona ni haki niwaambie nilichokikuta.

Sakafu ya fremu ilitofautiana milimita mbili, nikafurahi. Nilipopima chumba cha injini, upande mmoja ulizidi mwingine kwa milimita kumi na moja. Nilirudia mara tatu, mzee mwenyewe akinishikia mwisho wa tepu, na mara ya tatu hakusema neno. Michomeleo ya mbele yote ilikuwa imesagwa. Kwenye mshiko wa mkono wa gurudumu la kulia nilipokwangua rangi kwa ukucha niliona mstari mwembamba kama unywele kati ya bomba na bati. Picha hakuwa nazo. Aliniambia kwa upole kwamba mkewe aliugua, na tangu hapo hakurudi tena gereji. Fremu sikuichukua. Nilinunua kwake shokapu nne ambazo hazijawahi kutembea, pamoja na taa za mbele, na risiti aliniandikia kwa mkono wake.

Puli ya MX-5 yangu ina mianya minne, dada. Niliiwasha kijana wangu akiimulika kwa tochi, nayo haikuyumba. Nitaitumia. Fremu mpya nimeiagiza, itafika baada ya wiki kumi, na muda huo nautumia kwa waya. Hadi usiku huu tumebandika tepu kwenye soketi 46, kijana anaandika, mimi nasoma. Mzee wangu, kuna soketi moja ya njano nyuma ya dashibodi isiyoungana na kitu chochote. Je, niiandikie nini?

Fundi wa Makupa:

Marahaba, mwanangu. Iandikie "haina kazi kwa sasa" na uiache mahali pake. Viwanda hubakiza soketi za kupimia, na hiyo huenda ni mojawapo. Usiikate mpaka injini iwake sakafuni, kisha nitumie picha yake na rangi za waya zinazoingia ndani yake.