Makao makuu kwenye jengo la zamani: ghorofa moja moja, kuvua libaki mifupa, au kubomoa?

Mpangaji5
Wakuu, kampuni yetu ni changa, imenunua jengo la ghorofa tano la miaka ya 1970. Ghorofa mbili za chini tayari tunazitumia. Njia ni tatu: kukarabati ghorofa moja moja tukiwa humo humo, kuhama na kulivua libaki nguzo na slabu (sakafu za zege), au kubomoa. Mkurugenzi anataka kubomoa, mimi roho inakataa. Wazoefu semeni.

NondoImara
Kwanza pimeni urefu wa sakafu hadi chini ya boriti. Mengine yote hubadilishika, huo hapana. Majengo mengi ya miaka hiyo yalibanwa kimo. Ukiweka mifereji ya kiyoyozi, mabomba ya kuzimia moto na nyaya, kisha ufunge dari, vyumba vinakuwa vifupi mno kukaa. Pili, mhandisi wa miundo achukue sampuli za zege na akague nondo. Nondo ikishika kutu huvimba na kubandua zege. Sehemu chache zinatengenezeka. Ikiwa ni nguzo nyingi, mkurugenzi ana hoja.

MamaRamani
Ghorofa moja moja siipendi kabisa. Mabomba ya maji na nyaya kuu hupanda jengo zima, ukizigusa umegusa kila ghorofa. Tena majengo ya umri huo mara nyingi yana asibesto, yale madini ya nyuzi nyuzi yaliyochanganywa kwenye vifaa vya ujenzi. Fundi asitoboe chochote kabla ya vipimo! Vumbi lake huleta saratani miaka mingi baadaye, na watu wenu wako humo. Hameni, mlivue. Madirisha nayo msiyatupe haraka: Empire State Building, lile ghorofa refu la New York, ilikarabati madirisha yake 6,514 ndani ya jengo lenyewe na kutumia tena vioo vyake.

Kiwanja
Mkurugenzi aulize pia mamlaka ya ujenzi. Kanuni za leo za umbali kutoka mpaka wa kiwanja na za maegesho zinaweza kumpa jengo dogo kuliko hilo analolivunja.

Mpangaji5
Asanteni sana. Nimepima: mita 2.5 chini ya boriti, 2.9 chini ya slabu.

NondoImara
Basi mna nafasi. Acheni dari wazi, mabomba yapite kati ya boriti, sambamba nazo. Boriti zisitobolewe bila mhandisi. Majibu ya zege yakija, yaweke hapa tuyasome pamoja.