Yule mama wa dirisha la dawa leo kanivua nguo mbele ya foleni nzima

Chuma Chakavu (mleta uzi)

Wakuu, naandika bado niko nje ya geti, mikono inatetemeka. Jina simtaji na hospitali siitaji. Aliyewahi kuchukua dawa pale anamjua: miwani ncha ya pua, kalamu nyuma ya sikio, na sauti ya mnadani Feri. Akikohoa tu, Kigamboni wanajibu "pole".

Nimefika giza halijatoka. Kadi, malipo, presha na uzito, daktari, malipo tena, maabara, daktari tena, malipo TENA. Sikulalamika. Daktari kijana wa watu, kafunga mlango, kaniuliza taratibu, kaandika. Nikasema leo kodi yangu nimeiona.

Sasa dirisha la dawa. Foleni imefika kwenye mwembe. Nyuma yangu yupo mama mkwe wa jirani yangu, wapo vijana wa kijiweni kwetu, na yupo dada mmoja tuliyepiga stori tangu maabara, namba yangu keshaisevu. Yule mama kashika karatasi, kaisoma, kainua kichwa:

"NANI WA BAWASIRI?"

Wakuu. NANI WA BAWASIRI. Jina langu lipo juu ya karatasi, namba ya foleni ipo, yeye kaona aanze na bawasiri.

Nikanyamaza nikiomba Mungu awepo mwenzangu. Hakuna. "We baba wa shati la bluu, si ndiyo wewe wa bawasiri?" Nikasogea. Pakiti imeandikwa 1x2, basi, hakuna kingine. Nikainama hadi kwenye tundu la kioo, nikanong'ona, samahani mama, hii natumiaje? Akajibu kwa sauti ile ile: "HAIMEZWI HIYO BABA, INAINGIZWA HUKO HUKO!" Na akaonyesha kwa kidole. KIDOLE!

Yule dada akarudi nyuma kama hatua tatu. Bawasiri haiambukizi jamani! Mishipa imevimba tu, dereva nakaa kitini kutwa nzima! Na juu ya kichwa cha huyo mama kuna bango limeandikwa mgonjwa ana haki ya faragha. Hata mahakamani mshtakiwa huitwa jina kwanza. NANI WA BAWASIRI!

Kiberiti cha Gesi

Nani wa bawasiri aje huku asaini mahudhurio 😂😂😂

Bint Mapesa

Mkuu pole, ila mshukuru. Mjomba wangu alipewa hizo hizo, dirishani hakuambiwa kitu. Kameza na chai asubuhi na jioni, halafu akarudi kulalamika zina ladha ya mshumaa.

Chuma Chakavu

Bint, sijasema nilitaka kumeza. Nilitaka ANONG'ONE. Na kile kidole kilikuwa cha nini?

Mzee wa Vidonge

Nimekaa nyuma ya kioo hicho miaka mingi. 1x2 ni kimoja mara mbili kwa siku. Jisaidie kwanza, nawa mikono, toa lile karatasi la nje (wapo wanaoingiza nalo), lala ubavu, ingiza ncha iliyochongoka, tulia kidogo usinyanyuke. Kikiwa kimelainika kiweke kwenye maji baridi kabla hujafungua. Kunywa maji, kula mboga na matunda, usikae chooni na simu. Na damu ikiendelea rudi kwa daktari, si kila damu ni bawasiri.

Kiberiti cha Gesi

"Usikae chooni na simu." Nimeisoma nikiwa chooni. Nafuta akaunti.

Mama Pacha

Afadhali wewe umepewa ugonjwa wa kueleweka. Mimi pale nikienda ni UTI na taifodi. Kichwa, UTI na taifodi. Nilijigonga kidole cha mguu, nikaambiwa nipime mkojo, nikatoka na UTI.

Kiberiti cha Gesi

Kidole kina UTI 😂 poleni na kidole

Mzee wa Vidonge

Kile kipimo cha taifodi cha haraka, Widal, si cha kutegemea peke yake. Aliyewahi kuugua zamani au kuchanjwa anaweza kuonekana anayo. Cha uhakika zaidi ni kuotesha damu, kinachukua siku kadhaa. Uliza, "daktari, kipimo kimeonyesha nini?" Ni haki yako.

Ngosha wa Ziwani

Uliza uone. Mimi niliuliza nikaambiwa "kumbe umeshakuwa daktari?" Uzi huu mnalia na sauti, wenzenu huku dawa ni "hakuna, kanunue nje", na hapo nje ni duka lililo mkabala na geti. Mwenye duka simtaji, mnamjua.

Chuma Chakavu

Tusitoke kwenye mada. NANI WA BAWASIRI, wakuu, mbele ya mama mkwe wa mtu!

Mama Pacha

Mkuu tumesikia. Mama yangu mzazi aliambiwa anywe kila baada ya saa 8. Kaamka saa nane usiku kunywa, kanywa tena saa nane mchana, wiki nzima. Hakuna aliyemwambia ni asubuhi, mchana na usiku.

Bint Mapesa

Na wa dawa mseto ya malaria je? Vidonge 24, vinne vinne mara mbili kwa siku, siku tatu. Homa ikishuka siku ya pili, vilivyobaki vinaenda kabatini kumsubiri mgeni.

Ngosha wa Ziwani

Hayo madogo. Mimi nina kadi ya bima, nikaenda hospitali ya mkoa moja kwa moja. Dirishani: barua ya rufaa iko wapi? Nikarudi kituo cha afya, nikaambiwa daktari wa kuandika katoka. Ndugu yangu yuko nje kwenye bajaji anaugulia.

Mama Pacha

Kadi yangu mimi inasema nimefariki. Nimesimama pale, mfumo unasema marehemu.

Kiberiti cha Gesi

Marehemu ana UTI?

Ngosha wa Ziwani

Mama Pacha, ulirekebisha wapi hiyo? Na mtoto aliyefikisha miaka 18 bado anaingia kwenye kadi ya mzazi au anatolewa? Mwenye kujua ofisi inayofungua Jumamosi anijuze.