Bakteria ukeni wakati wa ujauzito: tupeane uzoefu

Mama Njiti: Naanza mimi. Mimba ya kwanza chupa ilipasuka wiki ya 31. Sina uchungu, sina damu, naanua nguo tu, nikahisi maji ya uvuguvugu yananishuka mpaka kwenye ndala. Wiki kadhaa nyuma nilikuwa na utoko mwepesi wa kijivu wenye harufu ya samaki, hasa baada ya tendo. Kliniki niliona aibu kusema. Nikawa najisafisha ndani kwa sabuni, kumbe nawafukuza bakteria walinzi! Daktari hakusema mvurugiko huo wa bakteria ndio uliopasua chupa, alisema unaongeza uwezekano wa kujifungua kabla ya wakati. Mtoto yupo, mzima. Mimba ya pili harufu iliporudi nilisema siku hiyohiyo, nikapewa dawa ya metronidazole siku 7. Nani mwingine yamemkuta?

Bi Mdogo: Mimi dalili sikuwa nayo hata moja. Wiki ya 36 wakanipima kwa kijiti cha pamba, mbele na njia ya haja kubwa (we acha tu). Jibu: nina bakteria wanaoitwa streptokoki kundi B. Nikajua mume kaniletea! Tukanuniana siku mbili. Mkunga alicheka: hawa wanaishi utumboni, karibu mjamzito 1 kati ya 5 anao, wala si ugonjwa wa zinaa. Nikaomba vidonge niwamalize palepale, akakataa, eti watarudi kabla sijajifungua. Dawa yake ni penisilini ya mshipa leba ikishaanza, na wanataka zipite angalau saa 4 kabla mtoto hajatoka. Mimi zilipita 7.

Mama Wawili: Una bahati. Mimi nilifika nasukuma, dozi haikuwahi. Mtoto alitoka analia vizuri, baadaye akawa anaguna kila akitoa pumzi, ziwa hataki. Nikadhani anaota. Muuguzi aliyekuwa anapita ndiye aliyesimama, akasikiliza, akambeba bila kuniambia kitu. Maambukizi kwenye damu. Sindano siku 10.

Subira: Na aliyepangiwa upasuaji?

Bi Mdogo: Niliuliza hilo. Kama uchungu haujaanza na chupa haijapasuka, dozi hiyo ya leba haihitajiki.

Mama Njiti: Mama Wawili, alianza kuguna baada ya muda gani?

Mama Wawili: Saa 6 hivi. Waliniambia wengi huanza ndani ya siku ya kwanza, na mimi nilishaanza kufunga mabegi.