Mtu amepima RAM ya laptopu kwa mkono kama anachagua kuku Kilombero. Mnamjua. NIMECHOKA!

Chalii_wa_Kijenge (mleta mada)

Wakuu, salamu baadaye.

Simtaji. Aliyewahi kuchomeka waya wa intaneti Arusha hii, kuanzia Sakina mpaka Njiro, anamjua, na asiyemjua amshukuru Mungu wake. Leo saa tisa mchana, mbele ya mteja, mbele ya madogo wawili wa fildi, huyu bwana ameinyanyua laptopu, akaipandisha na kuishusha mkononi mara mbili kama mama anayechagua kuku Kilombero, akasema: "Nyepesi hii. Databesi haiwezi kukaa humu."

Nyepesi!

Na mteja akaitikia kwa kichwa.

Faili tulilokuwa tunalipakia kwenye databesi ni CSV (maandishi yaliyotenganishwa kwa koma) ya GB 11, mistari milioni 84 hivi, usomaji wa mita za maji. Mashine ina RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) ya GB 16. Postgres, programu yetu ya databesi, haijawahi kuomba faili lote liingie kwenye RAM ndipo ianze kazi. COPY, amri yake ya kupakia data, inakunywa kwa mrija: mstari unaingia, unapangwa kwenye kurasa za KB 8, kurasa zinasukumwa diski, mstari mwingine unaingia. GB 200 zinapita kwenye kimashine cha GB 4 mradi diski ina nafasi.

Kilichoua kazi ni skripti ya Python aliyoiandika YEYE. read_csv (soma) faili zima kwa mkupuo mmoja, bila chunksize (kugawa mafungu), bila dtype (kutaja aina za data), halafu to_sql (tuma kwenye databesi). Kwenye pandas (maktaba ya Python ya kushughulikia majedwali) iliyopo pale kila neno kwenye safu ya maandishi ni kitu kamili cha Python, baiti kama 50 za mzigo kabla hujaweka herufi ya kwanza. Namba ya mita iliyochanganya herufi na tarakimu, 8 jumla, inabeba mgongoni begi kubwa kuliko yenyewe mara sita. GB 11 za diski zikishavimba hivyo, hata GB 32 zingekuwa mashakani. Linux ikaona inazama, ikachinja. dmesg, daftari la matukio la Linux, imeandika wazi "Out of memory: Killed process" na jina la marehemu ni python3, si postgres. Yeye hakusoma. Yeye alipima uzito.

Kijiti cha RAM cha laptopu hakifikii hata uzito wa kijiko cha chai. Alitaka kusikia nini mkononi, mapigo ya moyo?

Mangi_wa_Rau

Nimecheka mpaka mtori umeingia puani. Swali moja tu mkuu: alipokuwa anaipandisha na kuishusha, wewe ulikuwa wapi?

Chalii_wa_Kijenge

Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Mteja aliitikia kwa kichwa, mkuu. Ukishaitikiwa kwa kichwa huna la kusema.

Ndizi_Mshale

Ni yule wa kofia?

Chalii_wa_Kijenge

Simtaji.

Ndizi_Mshale

Ni yule wa kofia. Huyo kuna seva ya GB 16 huku Moshi aliiwekea work_mem (kikomo cha RAM ya kazi) = '2GB' akisema "tuipe nguvu." Kila mtu alidhani work_mem ni ya seva nzima. Kumbe ni ya kila upangaji na kila hash (jedwali la kutafutia linalojengwa kwenye RAM), ndani ya kila swali, kwa kila aliyeunganishwa. Swali moja la ripoti lenye ORDER BY na JOIN mbili linaweza kuchukua kiasi hicho mara tatu, na tangu toleo la 15 hash inaruhusiwa mara mbili ya ulichoandika, hash_mem_multiplier ni 2.0 bila wewe kuigusa. Wahasibu wanne wakibonyeza ripoti mwisho wa mwezi, seva inakata roho. Chaguo-msingi ni MB 4, na si kwa ubahili. Ukitaka kubwa, SET ndani ya kikao chako mwenyewe, fanya kazi yako, toka.

Kibo_na_Mawenzi

Mleta mada una hasira za haki ila hapo kwenye "GB 200 kwenye kimashine cha GB 4" umetuuzia mbuzi kwenye gunia.

Jedwali lako lina REFERENCES (sharti kwamba mteja awepo) kwenda jedwali la wateja? Kama linayo, COPY HAIPITI kwa mrija peke yake. Kila mstari unaoingia unaacha kikaratasi kwenye foleni: "nikague baadaye kama huyu mteja yupo." Foleni hiyo inakaa kwenye RAM mpaka amri iishe. Mistari milioni 84 ni vikaratasi milioni 84. Hapo hata COPY safi inaweza kuishia kwenye swap (diski inayosaidia RAM) au kufa kabisa, na nyaraka za Postgres zenyewe zinaonya hivyo. Ondoa hilo sharti, pakia, kisha lirudishe kwa ALTER TABLE, linakaguliwa kwa mkupuo mmoja.

Kwa hiyo inawezekana bwana mkubwa alikuwa sahihi kwa kubahatisha tu.

Chalii_wa_Kijenge

REFERENCES ipo. Sawa. Nakubali.

LAKINI ALIIPIMA KWA MKONO.

Mangi_wa_Rau

Hahahaaa. Mkuu umeshapigwa bao kwenye uzi wako mwenyewe.

Binti_Njiro

Kaka Chalii pole. Acha nikuandikie, halafu uendelee kulia.

Usipakie moja kwa moja kwenye jedwali la mwisho. Tengeneza la kupokelea: CREATE UNLOGGED TABLE mita_ghafi (UNLOGGED ni lisiloandikiwa kumbukumbu za mabadiliko), safu zote text, bila indeksi, bila ufunguo, bila REFERENCES. Uchafu wote unaingia, ni vichache vya kukataliwa, kama idadi ya safu isiyolingana na herufi mbovu. Halafu \copy kutoka psql (dirisha la amri la Postgres), amri nzima iwe mstari mmoja, haikubali kukatwa. Hiyo inasoma faili lililo kwenye mashine yako. COPY yenyewe inasoma faili lililo kwenye seva na inadai ruhusa ya huko. Nusu ya malalamiko ya "faili halionekani" yanatoka hapo.

Kisha INSERT ... SELECT kwenda jedwali halisi, ukibadilisha aina za data njiani. Chunga kitu kimoja kinachoumiza watu: kwenye CSV nafasi tupu isiyo na alama za nukuu inasomwa NULL (hakuna thamani), lakini "" yenye nukuu inasomwa kama maandishi matupu. Ukisema ::numeric (igeuze namba) kwenye maandishi matupu inakutupia kosa mstari wa milioni 61, umekaa saa nzima. Andika NULLIF(usomaji, '')::numeric na ulale.

Indeksi zijengwe mwisho. maintenance_work_mem (RAM ya kujengea indeksi) chaguo-msingi ni MB 64, ndogo kwa kazi hii, ipe GB 1 kwa kikao hicho tu. max_wal_size (kikomo cha kumbukumbu za mabadiliko) ni GB 1, ipandishe hata 8 wakati wa kupakia, vinginevyo seva inalazimika kila mara kusukuma kurasa diski. Ukimaliza, ANALYZE, Postgres ipate takwimu za jedwali. Wengi wanaisahau, halafu wanasema Postgres ni nzito.

Kama lazima Python, basi read_csv yenye chunksize=100000, dtype=str, na usecols kwa safu unazozitaka tu. RAM haitazidi fungu moja.

Dogo_wa_Sanawari

Dada Binti shikamoo. Mimi ni mmoja wa wale madogo wa fildi. Alipima mara TATU.

Chalii_wa_Kijenge

Mnaona?

Mzee_wa_Himo

Sisi wa MySQL, databesi nyingine, tumekaa pembeni tunakula mahindi. LOAD DATA LOCAL INFILE, biashara imekwisha.

Ndizi_Mshale

Mzee wangu na heshima zako, nyie ndio mnaoleta dampo (nakala ya databesi) yenye INSERT moja ndefu kama barabara ya Dodoma, inagonga max_allowed_packet (kikomo cha ujumbe mmoja) ya MB 64, seva inakata mawasiliano, mnaanza kupiga simu. Na innodb_buffer_pool_size (RAM ya kushikia data) mmeiacha MB 128 kwenye mashine ya GB 32. Hizo RAM nyingine ni za mapambo?

Mzee_wa_Himo

Umenijibu vibaya kijana ila hiyo ya buffer pool nimeenda kuangalia. Ni 128 kweli.

Mama_Jedwali

Jamani RAM mnaihangaikia bure, janga ni EXCEL. Unampa mteja CSV, unamwambia usiifungue. Anaifungua. "Nilitaka kuona tu." Kisha anabonyeza hifadhi. Excel inaishia mistari 1,048,576, iliyobaki inaangukia shimoni. Namba za simu za 0754 zinarudi 754. Na tokeni ya LUKU ina tarakimu 20, Excel inashika 15, tano za mwisho inazigeuza sifuri. Sasa ukipakia hiyo kwenye databesi yako yenye RAM hata ya GB 500, umepakia takataka kwa kasi.

Binti_Njiro

Mama Jedwali umegusa kidonda. Na ile ya kuhifadhi kwa semikoloni badala ya koma kwa sababu Windows yake imewekwa kieneo cha Ulaya!

Mama_Jedwali

Na BOM (baiti tatu zisizoonekana) mwanzoni mwa faili! Safu ya kwanza inakuwa na jina linaloonekana "namba" lakini si "namba." Unatafuta kosa mpaka adhana ya alfajiri. sed -i '1s/^\xEF\xBB\xBF//' faili.csv, muiandike ukutani.

Kibo_na_Mawenzi

Kuna na wale wanaopakia vizuri, halafu wanafungua psql wanaandika SELECT * kutoka jedwali la milioni 84. psql inakusanya matokeo YOTE kwenye RAM ya mashine yako kwanza ndipo ionyeshe mstari wa kwanza. \set FETCH_COUNT 1000, ilete mistari elfu elfu, watu wangu.

Chalii_wa_Kijenge

Tunaweza kurudi kwenye suala la yule bwana?

Mangi_wa_Rau

Hapana. Mimi langu ni umeme. Unaanza \copy ya faili zima, imefika asilimia 90, umeme unakatika. COPY ni muamala mmoja: yote au hakuna. Seva ikiwaka jedwali halionyeshi hata mstari mmoja, lakini kwenye jedwali la kawaida diski imeshaliwa mpaka VACUUM, usafishaji wa Postgres, ipite. Na ile UNLOGGED ya Dada Binti ikizimika ghafla inarudi tupu, imefutwa yote, ndivyo ilivyoundwa. Kwa Moshi yetu hii mimi nakata: tail -n +2 kuondoa kichwa, kisha split -l 1000000 kukata mistari milioni moja moja, kila sehemu na \copy yake kwenye jedwali la kawaida, ikipita unahamisha faili kwenye folda ya "tayari." Umeme ukikatika unaanzia sehemu uliyoishia.

Binti_Njiro

Hapo umenishika. Kwa faili hili, jedwali la kawaida basi. Ila kaka Mangi, UPS?

Mangi_wa_Rau

Ninayo. Inalia pii, inazimika na kompyuta yake.

Mzee_wa_Himo

Betri imekufa hiyo. Vile vidogo vya VA 650 vingi vinatumia betri moja ya 12V 7Ah, na joto la Moshi linaila. Juu ya nyuzi 25, kila nyuzi kumi hivi zinapunguza umri wake kwa nusu. Arusha wanakaa nazo muda mrefu kwa sababu ya baridi yao.

Ndizi_Mshale

Mzee usianze habari za Arusha na baridi. Januari hii Arusha imewaka kuliko jiko la mkaa.

Mama_Jedwali

Wengine wanachomeka printa ya leza kwenye UPS. Ile ikianza kupasha inavuta umeme kama pasi, UPS inajikata. Ofisini kwetu kuna mtu anafanya hivyo kila siku, na ana kofia.

Dogo_wa_Sanawari

Ana kofia?

Mama_Jedwali

Sitaji.

Chalii_wa_Kijenge

Mzee wa Himo, hiyo betri ya 7Ah na mimi naihitaji, yangu inashika dakika mbili tu na nina sehemu 84 za kupakia. Huko Moshi nitaipata? Kuna feki nyingi hapa mjini.

Mzee_wa_Himo

Zipo, njoo na ile mbovu ulinganishe ncha zake, kuna za F1 na za F2, upana tofauti. Feki utaijua kirahisi. Usiangalie maandishi ya kwenye gamba, kila mtu anachapa anachotaka. Wewe inyanyue, ipandishe na kuishusha mkononi mara mbili. Ya halali ina kilo 2 na kitu, ni risasi tupu ile. Ukiona nyepesi, rudisha.

Chalii_wa_Kijenge

Sawa mzee wangu, nashukuru sana. Kesho napanda Coaster ya saa kumi na mbili.